Nani Afunge Nyasi: Historia ya Ngitili za Usukuma

Mvua za kwanza zinaposhuka Usukuma, kuanzia Novemba hivi, mfugaji anayejua kazi yake hufunga malisho yaliyo bora kuliko yote aliyo nayo. Ng'ombe wametoka kwenye kiangazi mbavu zikihesabika, majani mabichi ndiyo kwanza yanatoa ncha, na ni wakati huohuo mwenye zizi anaposema kwamba upande ule wa bondeni hakuna kwato itakayokanyaga hadi Julai au Agosti. Mgeni anaweza kudhani ni roho mbaya. Lakini msimu wa mvua nyasi ziko kila mahali, hata kando ya barabara na juu ya vichuguu, na mifugo hushiba popote inapoelekezwa. Mwezi wa kuogopwa ni Septemba, na baada yake Oktoba. Eneo lililofungwa kwa ajili ya miezi hiyo ndilo Wasukuma wanaloliita ngitili.

Kufungua nako kuna utaratibu wake. Kundi zima haliachiwi kuingia kwa siku moja. Hutangulia ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi, maana mkulima ambaye maksai wake wanayumba Novemba ameshaupoteza msimu. Ngitili kubwa hugawanywa vipande, na kipande kimoja humalizwa kabla ya kingine kuguswa. Mara nyingi hakuna uzio wowote. Mpaka ni njia ya miguu, kichuguu, mkwaju au korongo, na wakati mwingine ni kauli tu ya wazee iliyotamkwa mbele ya watu. Ng'ombe hajui kauli hiyo, na mtoto anayechunga, akishachoka na jua, huisahau upesi. Kwa hiyo ngitili hudumu pale tu ambapo mtu akiingiza mifugo usiku, asubuhi yuko wa kumwita, na akiitwa anakuja.

Nyasi za Shinyanga, mojawapo ya mikoa ya Usukuma, zimefutika na kurudi katika muda wa karibu miaka mia moja na thelathini, na wengi wakisimulia habari hizo hulaumu mvua. Mvua ina lawama yake. Lakini ukifuatilia miaka yenyewe utaona kwamba jambo zito lilikuwa jingine: nani alikuwa na haki ya kufunga malisho, na nani alikuwa tayari kumsikiliza.

Nchi yenyewe ina umbo linaloeleweka kwa haraka. Juu kuna vilima vya mawe makubwa, chini yake kichanga ambacho Wasukuma hukiita luseni, kisha ardhi inateremka taratibu hadi kwenye mbuga: udongo mweusi mzito, unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 600 hadi 900, na katika mwaka mbaya haifiki hapo. Kichanga ni rahisi kulima kwa jembe la mkono. Mbuga ni ngumu kulima lakini hushika maji, na nyasi zake hukauka mwisho. Ndiyo sababu ngitili nyingi zilikaa mabondeni, na ndiyo sababu pia baadaye zilishindana na mpunga na pamba kwa ardhi ileile.

Katika utaratibu wa zamani kila utemi ulikuwa na ntemi wake, na chini yake banangwa waliosimamia maeneo madogo. Juu ya mambo ya kila siku, hata hivyo, kilichokuwa na uzito zaidi ni dagashida, baraza la watu wazima wa eneo. Dagashida ndiyo iliyosikiliza kesi za wizi, ugomvi wa visima, na ng'ombe walioingia mahali palipofungwa. Adhabu ilikuwa faini, mara nyingi ya mifugo, na aliyekaidi alitengwa: hapewi moto, hasaidiwi kuzika, hachoti maji na wenzake. Mtu mwenye mahari ya kutoa na ng'ombe aliowakopesha kwa jamaa katika vijiji vitano hakuweza kumudu kutengwa. Ng'ombe wake wenyewe walikuwa wamemfunga kwa majirani.

Zilikuwapo ngitili za aina mbili, na tofauti hiyo itarudi mbele. Moja ni ya familia: eka chache karibu na boma, kwa ajili ya ndama na maksai. Nyingine ni ya jamii, kubwa zaidi, inayofungwa na kufunguliwa kwa makubaliano ya watu wote wa eneo. Desturi ni ya kale, ila ilishika nguvu zaidi kadiri ardhi ilivyobana. Palipo na nyasi tele hakuna haja ya kufunga chochote.

Na kulikuwa na wakati nyasi zilizidi, kwa sababu ya msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini na kufagia mifugo yote iliyokuwa njiani mwake. Wafugaji waliolala matajiri waliamka hawana hata ndama. Malisho yaliyokuwa yakikatwa na meno ya ng'ombe kila siku yakabaki bila mlaji. Vichaka vikapanda, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o, ambao wengi huku huwaita ndorobo. Mbung'o huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Katika miongo iliyofuata, iliyojaa pia vita vya Wajerumani, njaa na kuhamahama, vichaka vilijongea na kumega nchi iliyokuwa wazi. Familia zilirudi nyuma, zikasongamana katika sehemu zilizobaki salama.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Shinyanga ikawa maabara ya vita dhidi ya mdudu huyo. Aliyeongoza ni Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya koloni, ambaye kuanzia 1929 alikuwa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, na makao yake yalikuwa Shinyanga. Mbinu zake zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa kukata: watemi waliitisha maelfu ya watu wenye mashoka na mapanga, wakafyeka pori maili kwa maili ili mbung'o akose kivuli. Ya pili ilikuwa moto. Nyasi zilizuiwa zisichomwe mapema, zikaachwa zirefuke na kukauka kabisa, kisha zikawashwa mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali kiasi cha kuua vichaka. Kinachonishangaza ni kwamba ofisa wa serikali na mzee wa Kisukuma walikuwa wanafanya kitendo kilekile, kuzuia nyasi zisiguswe hadi Agosti na Septemba; mmoja kwa ajili ya kulisha ng'ombe, mwingine kwa ajili ya kuwasha kiberiti. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Kazi ile ilifanikiwa, na hilo lisemwe wazi. Nchi kubwa ilifunguka upya, watu na mifugo wakarudi, na kwa miongo kadhaa Usukuma ikawa moja ya sehemu zenye ng'ombe wengi kuliko zote Tanganyika. Ila kilichokatwa hakikurudishwa. Miti iliendelea kufyekwa kwa sababu ya mbung'o, kisha kwa sababu ya kwelea kwelea wanaokula mtama, kisha kwa sababu ya kuni, na zaidi ya yote kwa sababu ya pamba. Zao hilo la biashara lilimpa Msukuma fedha, na Msukuma mwenye fedha hakuzipeleka benki. Alinunua ng'ombe. Kadiri pamba ilivyostawi ndivyo mashamba yalivyokula malisho, na ndivyo mifugo iliyotegemea malisho hayo ilivyoongezeka.

Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo, na kuanzia 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Baadhi ya kazi zake zilikuwa nzuri na wazee walizikumbuka kwa miaka mingi. Malambo yalichimbwa mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakitembea kutwa nzima kutafuta maji, na ardhi mpya ilifunguliwa upande wa Geita. Lakini mpango ulikuja na amri. Mkulima alilazimishwa kulima kwa matuta ya aina fulani, kupanda mihogo ya akiba, na, jambo lililoumiza kuliko yote, kupunguza mifugo kwa kuuza sehemu yake kila mwaka. Maofisa walikuwa wamepiga hesabu ya uwiano wa watu, ng'ombe na ekari, wakaona ng'ombe wamezidi. Kwa karatasi hawakukosea sana. Kosa lilikuwa kumtumia ntemi kama karani wa kutekeleza hesabu hiyo. Yule aliyekuwa akifunga nyasi kwa niaba ya watu sasa alikuwa anawatoza faini kwa niaba ya bwana shauri, na mshahara wake ulitoka bomani.

Ghadhabu hiyo ilipata pa kuelekea. Vyama vya ushirika vya pamba, alivyoviongoza Paul Bomani, vilikuwa vimewafundisha wakulima kuhoji mizani na bei. Kutoka hapo hadi kuhoji sheria za mifugo ni hatua fupi. Serikali iliogopa kiasi kwamba kati ya 1954 na 1958 ilikataa kuandikisha matawi ya TANU Usukuma. Mwaka 1958 Geita ilipolipuka, sababu ya karibu ilikuwa halmashauri ya watu wa rangi zote iliyowekwa bila ridhaa, lakini waliotembea hadi Mwanza kulalamika walikuwa na miaka kumi ya matuta na ng'ombe vifuani mwao. Amri nyingi zililegezwa. Pamoja nazo, neno lenyewe la kuhifadhi malisho likabaki na harufu ya ukoloni. Baada ya Uhuru, ofisa yeyote aliyesimama mbele ya mkutano na kuanza kusema "punguzeni mifugo" alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu mwingine bila kujua.

Kisha watemi wakaondolewa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta madaraka ya machifu, na sidhani kama wengi walilia. Wapo watemi waliokuwa wameharibu jina lao wenyewe. Dagashida haikufutwa na sheria yoyote, kwa kuwa haikuwa imeandikwa katika sheria yoyote. Ilifunikwa tu na kamati, mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa chama.

Pigo la kweli lilikuja mwaka 1974. Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga, familia zilizokuwa zimetawanyika kila moja na boma lake, shamba lake na ngitili yake, zilihamishwa na kupangwa kwenye mistari kando ya barabara. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na bomba la maji, na kwa wengi vitu hivyo vilifika. Lakini ngitili haihamishiki. Ilibaki kilomita kadhaa nyuma, karibu na mahame, na ghafla haikuwa ya mtu. Aliyeihifadhi jana leo hana haki nayo zaidi ya mpita njia. Kijiji kipya kina orodha ya kaya lakini hakina kumbukumbu ya nani alifunga bonde gani. Jirani yako wa mstari wa pili ni mtu uliyekutana naye mwezi uliopita. Utamtenga vipi mtu ambaye hamjawahi kuwa pamoja? Kwenye hali ya namna hiyo mwenye akili huingiza ng'ombe wake mapema, kabla ya wenzake kuingiza wao. Na miti, ambayo nayo haikuwa na mwenyewe, ikaingia kwenye tanuri za mkaa.

Kuzunguka vijiji vipya duara la ardhi tupu likawa linapanuka mwaka hadi mwaka. Wanawake waliofuata kuni walitumia saa nyingi zaidi. Palipokosekana kuni walichoma mabua ya mtama na samadi, na samadi iliyochomwa jikoni haikurudi shambani. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ukakuta nchi haina akiba. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipita Shinyanga na kushtushwa na alichokiona, na tangu hapo mkoa ukaanza kutajwa kuwa jangwa la Tanzania. Kufikia 1986, katika mkoa wenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 50,000, ngitili zilizokuwa zinajulikana rasmi zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Eneo hilo halifiki hata mraba wenye kilomita mbili na nusu kila upande.

Wakati huohuo jambo lingine lilikuwa linatokea ambalo watu wa mazingira hawakulihesabu. Wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulikuwa umeshamiri, na polisi walikuwa mbali au walikuwa na bei. Mwaka 1981 na 1982, kuanzia Kahama na Shinyanga, vijiji vilianza kujilinda wenyewe kwa upinde, mishale na filimbi. Hao ndio sungusungu. Walikuwa na viongozi wao, viapo vyao, na mikutano yao, na mikutano hiyo ilifanana sana na dagashida iliyodhaniwa imekufa. Walikuwa na ukatili wao pia, hasa kwa wanawake vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na si haki kuwasimulia kama malaika. Serikali ilisita, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata. Kwa mfugaji wa kawaida matokeo yalikuwa mamoja: kijiji kilikuwa tena na mtu wa kupiga filimbi, na watu wakitoka nje wakiisikia.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulizinduliwa mwaka 1986 katika mazingira hayo. Ulikuwa na kaka yake mkubwa Dodoma, HADO, ulioanza 1973, na mfano huo ungeweza kuupoteza kabisa. Kule Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekula milima, serikali iliamua mwaka 1979 kuondoa mifugo yote katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000 walitolewa. Nyasi zilirudi Kondoa, hakuna anayebisha. Ila zilirudi kwenye nchi ambayo wenyeji wake walipoteza maziwa, samadi na maksai kwa amri moja. Kufanya hivyo Shinyanga, mbele ya mamilioni ya ng'ombe na watu waliokuwa wameshawahi kuandamana kwa sababu ya ng'ombe, lingekuwa jambo la kichaa.

Kwa hiyo HASHI ilianza kwa jambo ambalo miradi yote ya wakati ule ilianza nalo: vitalu vya miche. Miche iligawiwa, mingi ya miti ya kigeni, ikapandwa vilimani siku ya sherehe mbele ya mkuu wa wilaya, na kuliwa na mbuzi siku zilizofuata. Watu hawakuwa na chuki nayo. Hawakuwa tu wameiomba. Ilichukua muda kabla wataalamu hawajaanza kuuliza badala ya kugawa, wakisaidiwa kwa fedha za Norway na baadaye na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF kutoka Nairobi. Walipouliza wazee malisho mazuri yalikuwa yakipatikana wapi zamani, wazee walitaja mabonde kwa majina.

Wendelen Mlenge, aliyeuongoza mradi kwa miaka mingi, na wenzake wakageuza mwelekeo. Badala ya kupanda, wafunge. Na hapo ardhi yenyewe ikatoa siri yake: migunga na miti mingine iliyokatwa kwa miaka hamsini ilikuwa bado hai chini, visiki vikisubiri. Bonde likifungwa misimu miwili mitatu, machipukizi yanapita urefu wa mtoto. Misimu mitano, kuna nguzo za kujengea. Hakukuwa na mche wa kununua wala maji ya kumwagilia. Gharama pekee ilikuwa ile ya zamani, yaani kumshawishi jirani asiingize ng'ombe wake.

Kazi hiyo ilirudishwa kwa dagashida na kwa sungusungu. Serikali ya kijiji ilipitisha sheria ndogo, lakini aliyekamatwa usiku ndani ya ngitili alijua kwamba kesi yake haitangoja hakimu wa wilaya. Naona hili ndilo lililofanya kazi kuliko semina zote, ingawa ripoti za wafadhili hupenda kuziweka semina mbele. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini sera nayo ilisaidia kwa kukaa pembeni kidogo: sera ya misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu na malisho yake bila kuomba ruhusa ya Dar es Salaam kila mara. Watu pia walikuwa wamerudi taratibu kwenye mahame yao, bila operesheni na bila tangazo, na kila aliyerudi alikuta ngitili ya babu yake ikimngoja katika hali ya kichaka.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 HASHI ilikuwa imefika katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla ya mwaka 2012 kumegwa na baadhi ya wilaya zake kwenda Simiyu na Geita. Eneo lililofungwa lilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000. Hata ukichukua makadirio ya chini na kuyakata nusu kwa tahadhari, ni mara mamia ya kile kilichokuwepo 1986, na hilo lilifanyika bila kumfukuza mtu wala ng'ombe. Utafiti ulioongozwa na Gerald Monela na kuchapishwa mwaka 2005 ulithamini kila kitu kilichotoka humo, kuanzia majani ya kuezekea, kuni, asali, dawa, matunda pori na uyoga, hadi malisho yenyewe. Jumla ilifika dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta kuni waliokoa saa nyingi. Katika kijiji cha Wigelekelo, Maswa, ngitili ya jamii ilizunguka lambo, na lambo likaacha kujaa tope. Maji, mboga na samaki vikapatikana mahali palepale pa kunyweshea ng'ombe.

Wapo waliopata hasara, na hawakuwa wachache. Msitu uliorudi ulirudi na wakazi wake. Fisi walipata maficho karibu na mazizi, na ndege waharibifu walipata matawi ya kulala karibu na mtama. Mkulima mdogo asiye na ng'ombe hata mmoja aliyelima kando ya ngitili ya tajiri alikuwa anawalisha wanyama hao kwa niaba ya kijiji.

Na hapo ndipo ile tofauti ya aina mbili za ngitili inaporudi. Hesabu ilipofanywa katika vijiji 172, zilipatikana ngitili 18,607 zenye jumla ya takriban hekta 78,000. Kati ya hizo, za jamii au taasisi kama shule zilikuwa 284. Ni kweli kwamba za jamii ni kubwa kuliko za familia, kwa hiyo ukipima kwa hekta pengo linapungua sana. Hata hivyo idadi inaonyesha watu walikimbilia wapi mara tu ilipoonekana kwamba kufunga kunalipa. Mwenye nguvu alifunga kabla ya wengine. Mahali palipokuwa malisho ya wazi ya kijiji pakakatwakatwa kuwa ngitili za watu, na wenye ng'ombe wengi ndio waliokuwa na sababu na ubavu wa kuzuia eneo kubwa. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu alijikuta Septemba anakodi nyasi zilizoota mahali ambapo miaka kumi nyuma alichunga bure, akilipa kwa fedha, au kwa mtamba, au kwa siku za kupalilia pamba ya mwenye ngitili.

Mtu anaweza kusema huo ni wizi wa ardhi ya wote uliovalishwa nguo za kuhifadhi mazingira. Siendi mbali hivyo. Ngitili za familia ni za kale kama zile za jamii, na familia nyingi zilifunga eka mbili tatu tu, zisizomnyima mtu chochote. Lakini HASHI, ambayo ilijua vizuri jinsi ya kumpa kila mtu sababu ya kufunga, haikujishughulisha kwa kiasi hicho na swali la kufunga dhidi ya nani. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 swali hilo lilibaki mikononi mwa halmashauri za vijiji, ambazo wajumbe wake mara nyingi ndio wenye ngitili kubwa.

Sheria ya 1999 inataka kijiji kitenganishe ardhi ya pamoja na ardhi ya mtu binafsi, na kinachoamua ni mkutano wa kijiji. Palipo na wenyeviti wakali, ngitili za jamii ziliandikishwa na kuwekewa mipaka, na fedha za kuuza nguzo na kukodisha malisho zilikwenda kwenye madarasa na nyumba za walimu. Palipokosekana, mpaka ulisogea mwaka hadi mwaka kwa jembe la maksai, mtaro mmoja kila msimu. Idadi ya watu nayo haikusubiri. Mgawanyo wa urithi ulifanya ngitili ya eka kumi iwe ngitili tano za eka mbili, na eka mbili haziwezi kulisha zizi hadi Novemba.

Waliokosa nafasi katika hesabu hiyo waliondoka, kama Wasukuma wengi walivyokuwa wakiondoka tangu kabla ya vijiji vya ujamaa. Walipitia Tabora, wakafika Rukwa na Katavi, wengine bonde la Usangu na Kilombero. Mwaka 2006 na 2007 serikali ilipowaondoa wafugaji katika ardhioevu ya Ihefu, hukohuko Usangu, ili kuokoa maji ya mto Ruaha, makundi yaliswagwa tena, mengine yakafika Rufiji na Lindi, pwani ambako wenyeji wengi hawakuwahi kufuga ng'ombe. Huko magazeti yanawaita wavamizi. Magomvi na wakulima yamekuwa habari ya kila kiangazi, na katika baadhi ya magomvi hayo watu wameuawa. Wazee waliohamia huko wanajua kufunga bonde Novemba na kulifungua Agosti kwa ndama kwanza. Lakini mpango wa matumizi ya ardhi katika vijiji hivyo huandikwa na wenyeji waliowatangulia, na bonde wanaloonyeshwa kwa ajili ya ng'ombe mara nyingi ni lile lililobaki baada ya ufuta, mpunga na korosho kupata mahali pao.